Kiporo cha Krismasi

Katika Sikukuu ya Krismasi kila nyumba hupika kwa wingi, maana hakuna ajuaye idadi ya wageni wake. Jioni wali uliobaki huachwa sufuriani, na asubuhi hupashwa moto ukaliwa kiporo.

Wengi hudhani ya kuwa moto wa asubuhi huondoa madhara yote. Sivyo. Katika mchele huwamo vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Huku Pwani Krismasi huja wakati wa kaskazi. Wali ukikaa katika joto hilo, mbegu huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu. Moto waweza kuua vijidudu, bali sumu husalia. Wala usitegemee pua, kwani wali huo waweza kunukia vizuri. Mlaji hutapika kabla ya saa 6 kupita.

Basi yatupasa nini? Tupike kadiri ya walaji. Wali uliobaki utandazwe siniani upoe upesi, uingie jokofuni kabla ya muda wa saa 2. Joto likiwa kali mno, saa 1. Asiye na jokofu na awagawie jirani wali ungali moto.

Mgonjwa apewe kidogo kidogo lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mtoto aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Kumwaga wali uliolala si ubadhirifu. Ni kuwahifadhi wale uliowapikia.