Fahamu: Kwa nini wanaume wengi hugundua presha wakiwa wamechelewa

Presha ya kupanda mara nyingi haiumi. Ndiyo maana mwanamume anaweza kuendesha bodaboda au kubeba zege miaka mingi huku mishipa yake ikiharibika, hadi siku kiharusi kinapompooza upande mmoja. Mwanamke mjamzito hupimwa presha kila aendapo kliniki. Wanaume wengi husubiri mpaka waugue.

Mjini Los Angeles, Marekani, watafiti waliamua kuwafuata wanaume weusi saluni wanakonyolewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wafamasia walikuja kuwaandikia dawa palepale saluni. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa pointi 27, dhidi ya 9 kwa wale ambao kinyozi aliwahimiza tu waende kwa daktari. Kumbe tatizo si ubishi wa wanaume peke yake. Huduma nayo iko mbali nao.

Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, ni presha ya kupanda. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile unayonyunyizia chipsi.

Kosa linaloua ni kuacha dawa ukijisikia nafuu. Wengine huziacha wakihofia nguvu za kiume, ilhali presha yenyewe huharibu mishipa inayohusika. Mwambie daktari bila aibu, akubadilishie dawa.

Kaka, kama hujapima mwaka huu, pita zahanati wiki hii.