Mteja akisema udi wako unanuka zizi, usikimbilie kuomba radhi

Wadau, kuna dada mmoja wa Usangi nilimtumia robo tola ya mafuta ya udi wa Kihindi. Mzigo ulipanda gari hapa Same asubuhi, mchana akaupokea. Haikupita nusu saa, ujumbe wa sauti ukaingia: "Kaka, hiki ni nini umeniuzia, mbona kinanuka zizi la mbuzi?" Nikarudisha hela siku hiyo hiyo, na nauli ya mzigo nikaimeza mwenyewe.

Mafuta hayakuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa posti yangu. Niliandika "udi orijino, harufu tamu sana". Utamu upo kweli, ila kwenye udi wa Kihindi hauji mwanzo, na mimi sikumwambia.

Iko hivi. Udi unatoka kwenye mti unaoitwa Aquilaria, na ule wa India unajulikana zaidi kwa jimbo la Assam, ambako mji wa Hojai umekaa kwenye biashara hii miaka mingi. Mti wenye afya hauna udi. Mpaka ujeruhiwe na kuvu aingie ndani, ndipo unatoa utomvu wa kujikinga, na mbao ile inageuka nyeusi, nzito, yenye harufu. Ndiyo maana ni ghali: unaweza kukata mti mzima ukakuta ni kuni tu.

Mbao hiyo inakatwakatwa vipande na kulowekwa kwenye maji kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, halafu inachemshwa, mvuke unapozwa na mafuta yanakingwa juu ya maji. Kule kulowekwa kunachachusha, na hapo ndipo harufu ya zizi inapotoka. Wazee wa manukato wa Ghuba wanaitafuta kwa hamu. Wanaopenda udi mlaini wanakwenda kwenye ule wa Kambodia, ambao mara nyingi una utamu kama wa matunda tangu mwanzo.

Sasa hivi namweleza mteja kwa saa, si kwa sifa. Ukipaka tone dogo, dakika za mwanzo utasikia zizi, ngozi mbichi, pengine jibini kali. Usinuse kwa kubandika pua mkononi, acha. Baada ya nusu saa hivi inaingia harufu ya moshi, majani makavu na viungo. Ikipita saa mbili au tatu, ule ukali umeondoka, imebaki mbao yenye utamu wa mbali kama asali, na hiyo inakaa mpaka usiku. Kwenye nguo inakaa siku kadhaa. Yule dada mwenyewe alinitafuta kesho yake. Mtandio aliojifutia mkono kwa hasira, wifi yake alikuwa anauliza ni marashi gani. Akanunua tena, na safari hii mazungumzo yalikuwa mazuri.

Hali ya hewa nayo inachangia. Hapa Same mjini kwenye joto harufu inafumuka haraka na ukali unapita upesi. Mteja wa Chome au Suji, kule juu kwenye baridi, mwambie asubiri zaidi, na mafuta yakiwa mazito kwenye chupa aipashe kwa kuishika kiganjani. Si kwamba yameharibika.

Jambo lingine linalotupotezea wateja ni neno lenyewe. Ukiandika "udi" peke yake, wengi huku bara wanafikiria vijiti vya kuchoma vya dukani. Mtu wa Zanzibar au Mombasa anafikiria udi wa kufukiza kwenye chetezo, pengine ule uliopikwa na sukari na manukato. Wewe unauza mafuta. Andika "mafuta ya udi, ya kupaka", weka picha ya chupa na ujazo wake. Tola moja ni gramu 11 na ushee, robo tola ni karibu gramu 3. Bila hivyo utajibu "hiki kichupa mbona kidogo?" mpaka uchoke.

Na tuseme ukweli kuhusu bei. Mafuta safi ya udi mzuri wa Kihindi, tola moja inafika mamia ya dola. Kile unachonunua Kariakoo kwa elfu kumi ni mchanganyiko wenye harufu ya udi. Kuuza mchanganyiko si kosa, mimi nauza na unatoka sana kipindi cha Idi. Kosa ni kuuita safi. Njia yangu ya kuutambua ni muda: mchanganyiko wa maabara mara nyingi saa ya kwanza na saa ya tano unanukia vilevile, udi halisi unabadilika. Zile video za kuchoma karatasi au kudondosha tone kwenye maji mimi sizitegemei.

Wengine huniuliza kuhusu msandali wetu wa Afrika Mashariki, wakidhani ni udi wa nyumbani. Huo ni mti mwingine, harufu yake nyingine. Na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, kama ulivyo udi. Mtu akikuletea magogo bila vibali, usijiingize.

Kwenye kufunga mzigo: funga kifuniko kwa seloteipu, chupa isimame wima, izungushie pamba, maana juu ya boneti la basi kuna moto. Na uandike kwa kalamu juu ya boksi, "usipake kwenye kanzu nyeupe". Mafuta haya ni ya kahawia, doa lake halitoki. Hilo nalo nililipia.