Kasi na Mahali katika Video za Singeli: Ulinganisho na Panki ya Kiselti

Makala hii inaeleza mtindo wa video za singeli, muziki uliochipuka katika maeneo ya Dar es Salaam kama vile Manzese, Tandale, Mburahati na Temeke, kwa kuulinganisha na ule wa panki ya Kiselti. Ulinganisho huu haudai kwamba muziki mmoja umeuzaa mwingine. Unatokana na swali moja: muziki wa jadi unapoongezwa kasi na vijana wa mjini, picha yake hubeba nini?

Panki ya Kiselti ilipata sura yake jijini London, ambako kundi la The Pogues lilianzishwa mwaka 1982. Kundi hilo liliunganisha filimbi ya bati, kodiani na banjo za muziki wa Kiayalandi na ukali wa panki. Katika miaka ya 1990, Dropkick Murphys wa Boston na Flogging Molly wa Los Angeles waliufuata mkondo huo. Singeli nayo ilirithi mchiriku, muziki wenye asili katika ngoma za Wazaramo na uliotegemea kinanda kidogo cha Casio. Aidha, ilichota vipande vya taarabu na kuvikimbiza kwa kompyuta hadi mapigo yake yakavuka 200 kwa dakika.

Kasi hiyo inambana mhariri wa video. Kwa mapigo 200 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.3, yaani fremu 7 au 8 katika video ya fremu 25 kwa sekunde. Picha ikikatwa kwa kila pigo, mtazamaji hupata shida kuitambua hata sura ya msanii. Kwa hiyo mhariri hana budi kukata baada ya mapigo kadhaa, au kuiacha kamera kwa mchezaji ili kiuno na miguu vibebe kasi yenyewe.

Tofauti kubwa zaidi iko katika mahali. Video ya The Pogues ya "Fairytale of New York" (1987) ina picha za rangi nyeusi na nyeupe, nayo inasimulia maisha ya wahamiaji ugenini. Picha zake hutazama nyuma. Singeli haina nchi ya mbali ya kukumbuka. Jukwaa lake la asili ni kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku kucha, na picha inayotoka humo ni ya uchochoro, majirani na watoto waliopo sasa.

Hapa ndipo tathmini nyingi hupotoka. Video ya muziki ikipimwa kwa jumba la kifahari, gari na ufukwe, mandhari ambayo Mbezi Beach inayo tele, uchochoro wa Tandale utaonekana kuwa upungufu wa bajeti au uhuni tu. Ni kweli kwamba fedha huathiri picha. Hata hivyo, umaskini wa vifaa hauelezi kwa nini umati husimama katikati ya fremu badala ya kuwa pambo la msanii. Umati huo ndio uliompa msanii jina kabla ya redio kumjua.

Kwa hiyo, makala hii inapendekeza kwamba mhakiki wa video za singeli aanze kwa kuuliza mahali panasema nini, ndipo aulize pamepigwa picha kwa kamera gani.