HARIRI: Mchina aligundua, Mjapani akampiga bao

Ukimwona mrembo kajitanda skafu ya hariri inayong'aa, usidhani ni pamba za kawaida. Uzi ule umetoka kwa kiwavi! Mdudu huyo hula majani ya mforosadi, kisha hujizungushia uzi mmoja mwembamba unaoweza kufika mita 900. Kifuko chake huchovywa kwenye maji ya moto, nyuzi za vifuko kadhaa zikavutwa pamoja, hiyo ndiyo hariri ghafi.

Wachina ndio walioanza, na siri waliibana kwa karne nyingi. Lakini hakuna siri ya watu wawili. Inasimuliwa kuwa kwenye mwaka 552 watawa walimpelekea Mfalme Justinian wa Konstantinopoli mayai ya mdudu huyo kwa magendo. Ulaya nayo ikaanza kufuga.

Katika miaka ya 1850 ugonjwa ukawafyeka viwavi wa Ufaransa na Italia. Wafumaji wa Lyon wakakosa mali, wakakimbilia Shanghai, bandari iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1843 baada ya China kushindwa Vita ya Kasumba. Hariri ghafi na chai zikawa ndizo bidhaa kubwa za China nje.

Sasa sikia kasheshe. Akaja mnunuzi mwenye fedha, Marekani, anayefuma kwa mashine za kasi. Mashine hazitaki uzi ulionenepa hapa na kukonda pale. Hariri nyingi ya China ilitengenezwa majumbani, kila familia na mkono wake. Japani ikajipanga: mwaka 1872 serikali ikafungua kiwanda cha mfano huko Tomioka, baadaye mayai yakakaguliwa na uzi ukapimwa. Kufikia 1909 hivi, Japani ikaipiku China kwa kuuza hariri ghafi nje.

Mjapani naye yakamfika. Mwaka 1940 stokingi za nailoni ziliingia madukani Marekani, akina dada wakazigombea. Mwaka uliofuata biashara ya nchi hizo mbili ikakatika. China ilikuja kuirudia nafasi ya kwanza ya uzalishaji katika miaka ya 1970, na mpaka leo haijaachia.

Kwa hiyo wewe unayeuza maandazi au mashati pale mtaani, usitambe tu kwamba ulianza wewe. Mteja anaangalia kama mali ya leo iko sawa na ya jana. Mchina somo hilo lilimgharimu miaka 60 na ushee.