Idi Amin Mbele ya Kamera: Watazameni Wanaomsikiliza

Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitoa filamu ya hali halisi kuhusu Idi Amin, Rais wa Uganda wa wakati huo, na katika jina lake akaeleza kuwa hiyo ni picha ambayo Amin amejichora mwenyewe. Hakukosea. Kwa sehemu kubwa Amin ndiye aliyeamua aonekane wapi na akifanya nini: yuko ndani ya boti mtoni Nile akiwasemesha mamba na tembo, anashindana kuogelea, anaongoza mazoezi ya askari wanaojifanya wanaiteka milima ya Golan iliyokuwa mikononi mwa Israeli. Hata muziki unaosikika ni wa kodiani aliyoipiga yeye. Nusu karne baadaye filamu hii bado inatajwa kuwa mfano wa namna ya kumwonyesha mtawala anayejinadi kuwa sauti ya wanyonge. Sifa hiyo inaistahili, lakini si kwa sababu ya maneno ya Amin. Nguvu yake imo katika nyuso za watu waliolazimika kumsikiliza, na yeyote anayetaka kutengeneza picha ya mwanasiasa wa aina hiyo leo angefanya vyema kuanzia hapo.

Tukubali kwanza jambo ambalo historia ya baadaye imeligubika: Amin alipendwa. Alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, watu walijaa barabara za Kampala wakishangilia. Waganda walikuwa na sababu zao. Obote alifuta falme mwaka 1967, na Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Amin aliurudisha mwili wake uzikwe nyumbani. Agosti 1972 alipowapa Waasia siku 90 waondoke, wengi waliona haki imetendeka, kwa kuwa biashara ilikuwa mikononi mwa wachache kutokana na matabaka yaliyojengwa na ukoloni wa Kiingereza. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Tiba ndiyo iliyokuwa ya uongo na ya kikatili. Familia zilizoishi Uganda kwa vizazi ziling'olewa, maduka yakagawiwa askari na vipenzi vya utawala, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikazorota, na sukari ikawa adimu kwa watu wale wale waliopiga vigelegele. Mwanasiasa wa aina hii huchukua donda halisi la wananchi, akalisemea kwa lugha wanayoielewa, kisha akajinufaisha nalo.

Ndiyo maana kumkazia macho yeye peke yake hakutoshi. Ndani ya filamu Amin anavutia: anacheka, anatania, anazungumza kwa kujiamini, na mtazamaji hujikuta anacheka pamoja naye. Kinachovunja ulevi huo ni watu wa pembeni. Kwenye mashindano ya kuogelea anawakatia wenzake njia na kuwasukuma, wala hakuna anayethubutu kumpita. Kwenye kikao cha baraza la mawaziri anawasomea mawaziri wake somo refu na kuwakaripia, nao wameinama wanaandika. Mmoja wao ni Michael Ondoga, waziri wa mambo ya nje, anayelaumiwa mbele ya wenzake. Msimulizi anatuarifu kwamba wiki mbili baadaye maiti yake ilikutwa mtoni Nile. Kuanzia hapo kila tabasamu tulilokwisha kuliona linabadilika maana. Mbele ya mkutano wa madaktari, watu waliozoea kuuliza na kutaka majibu, kamera inang'ang'ania uso wake akiwa kimya, na tunamwona mtu asiye na uhakika. Hotuba zake zote hazikutuonyesha hilo.

Wapo wanaosema kwamba kumpa mtu kama huyu kamera ni kumjengea jukwaa. Hoja hiyo ina uzito, na Amin mwenyewe aliipa ushahidi: toleo fupi la saa moja hivi lililotengenezwa kwa ajili ya Uganda lilimpendeza. Lakini alipopata habari za toleo kamili lililokuwa likionyeshwa Ulaya, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa nchini mwake katika hoteli moja na kudai sehemu fulani zikatwe. Schroeder alikata dakika mbili na nusu ili kuwanusuru, akazirudisha baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979. Mtu aliyepewa jukwaa safi hateki mateka ili filamu ipunguzwe. Matoleo hayo mawili yanaonyesha kwamba kosa haliko katika kumsikiliza mtawala, bali katika kumwachia afunge mjadala.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba filamu hii ilitengenezwa na Mzungu kwa ajili ya Wazungu, ikawapa kichekesho cha Mwafrika mwenye medali. Hapa watetezi wa Schroeder wanapaswa kukubali kasoro. Mkulima, mchuuzi wa soko, mjane na Mwasia aliyefukuzwa karibu hawasikiki kabisa. Vichekesho hivyo vilisaidia magazeti ya Ulaya kusahau kwamba Amin alilelewa na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na kwamba Uingereza iliharakisha kuitambua serikali yake. Vilisaidia pia kuficha makaburi: makadirio ya waliouawa katika miaka minane yanafika watu 300,000. Hata hivyo pingamizi hili halivunji hoja yetu, linaikamilisha. Filamu inapungukiwa pale pale inapowasahau wanaotawaliwa.

Kipimo hicho hicho kiwahusu hata wanasiasa tunaowapenda. Filamu ya mwaka 2022 kuhusu mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, iliyoongozwa na Moses Bwayo wa Uganda pamoja na Christopher Sharp, iliingia mitaani kwa ujasiri mkubwa na kuwaonyesha wafuasi wakipigwa mabomu ya machozi na kutiwa ndani katika kampeni za uchaguzi wa Januari 2021. Kumlinganisha Bobi Wine na Amin kungekuwa dhuluma. Lakini filamu hiyo nayo inamtazama shujaa wake kwa mapenzi kuliko kwa maswali, wakati raia anayemuunga mkono ana haki ya kujua atatawala vipi, zaidi ya kujua ameteswa vipi.

Siku hizi mwanasiasa hahitaji tena kumwalika mgeni mwenye kamera. Ana wapiga picha wake, na simu zetu zinasambaza vituko vyake kabla ya jua kutua. Kwa hiyo kazi ya mtengeneza filamu huru, na ya mtazamaji mwenye akili timamu, ni kuhamisha macho. Tuulize ni nani ameketi mbele ya mzungumzaji, kama anaweza kusimama na kukataa, na yatampata nini akikataa. Mtawala anayesema ni mtu wa watu apimwe kwa usalama wa wale wanaompinga uso kwa uso.