ME au KE: Maswali Matatu Katika Mstari Mmoja

Kila mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza hujaza fomu yenye mstari mfupi: "Jinsia: ME/KE". Huweka alama yake, akaendelea na mstari unaofuata. Lakini neno hilo limebeba mizigo mitatu. Asili yake ni Kiarabu, jins, yaani aina. Siku hizi tunalitumia kwa umbile la mwili, kwa desturi za wanaume na wanawake, na hata kwa namna mtu anavyojitambua. Mambo hayo yakichanganywa darasani, ubishi huwa mwingi na maarifa machache. Katika makala haya jambo la kwanza tutaliita jinsi, na la pili jinsia.

Tuanze na mwili. Mkulima wa mipapai anajua kwamba mpapai dume kwa kawaida hauzai, na ulio jike huzaa matunda ya mviringo. Upo pia wa tatu, ambao ua lake moja lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, nao huzaa matunda marefu. Hiyo ndiyo jinsi: habari ya viungo vya uzazi, homoni na kromosomu. Kwa binadamu, aghalabu mwanamke huwa na kromosomu XX na mwanamume XY. Hata hivyo, hadi yapata wiki ya sita viungo vya uzazi vya mimba zote huonekana sawa. Ndipo jeni iitwayo SRY, iliyomo katika kromosomu Y, huziamuru tezi changa ziwe korodani. Jeni hiyo ilitambuliwa na watafiti wa London mwaka 1990. Korodani hutoa homoni zinazojenga umbile la kiume. Pasipo amri hiyo, kwa kawaida tezi huwa ovari. Njia hiyo ina hatua nyingi, na hatua moja ikipinda, mwili haufanani na ule unaochorwa vitabuni.

Hayo yalimkuta María José Martínez-Patiño, Mhispania wa mbio za kuruka viunzi. Mwaka 1985, katika mashindano ya vyuo vikuu vya dunia mjini Kobe, Japani, alipimwa chembe za mwili wake, akaonekana ana kromosomu XY. Alizaliwa na kulelewa msichana, na umbo lake lilikuwa la kike. Mwili wake ulikuwa na korodani ndani, nazo zilitoa testosteroni, ila chembe zake hazikuweza kuipokea homoni hiyo. Ni sawa na barua inayopelekwa kila siku kwenye nyumba isiyo na mlango. Alishauriwa ajifanye ameumia na ajitoe katika mashindano. Mwaka 1986 alikaidi, akakimbia na kushinda katika mashindano ya taifa lake. Siri ikatoka, akapoteza rekodi zake, ufadhili wa masomo na mchumba. Ilipofika 1988 alirudishiwa haki ya kushindana, miaka yake mizuri ya ukimbiaji ikiwa imepita. Kipimo kilisoma kromosomu bila kosa. Waliokitumia walidhani kwamba herufi mbili zinatosha kumweleza mtu mzima.

Mtu mwenye mwili wa namna hiyo Kiswahili humwita huntha, ingawa wapo wanaolitamka neno hilo kwa dharau, jambo ambalo mwalimu hana budi kulikemea.

Jinsia ni jambo jingine. Yatazame maji. Kuyateka kwa ajili ya nyumba ni kazi ya wasichana katika vijiji vyetu vingi. Yakipakiwa kwenye mkokoteni na kuuzwa mjini, ghafla huwa kazi ya wanaume. Maji ni yale yale, na misuli haikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni kawaida ya jamii. Wazee walilijua hili zamani, ndiyo maana mwanamke shupavu waliweza kumwita jikedume bila mtu yeyote kudhani kwamba mwili wake umegeuka.

Swali la tatu ni la nafsi: mtu hujitambua nani? Wengi hawalioni kuwa ni swali, kwa kuwa jibu lao linalingana na walivyoandikwa walipozaliwa. Wachache halilingani, hao ndio waitwao transijenda. Kromosomu zao aghalabu ni za kawaida, kwa hiyo si sahihi kuwaita huntha. Wala neno hilo halielezi mtu anampenda nani, wala kama amefanyiwa upasuaji. Kwa nini hali hiyo hutokea, sayansi haijapata jibu moja. Shirika la Afya Duniani liliiondoa katika orodha ya maradhi ya akili, kwa mwongozo uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Sheria na dini zina hukumu zake juu ya jambo hili, nazo hutofautiana nchi kwa nchi; lakini anayetaka kuhukumu naye yampasa kwanza ajue anazungumzia swali lipi.

Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, kwa mara ya kwanza mstari wa jinsi ulikuwa na majibu matatu, na huntha 1,524 wakahesabiwa. Karani aliuliza swali la kwanza tu. Lile la tatu halikuwamo katika fomu yake.