Kukubali, Kughairi na Kukana: Kauli ya Mshindwa katika Uchaguzi

Mgombea urais anapotamka kwamba ameshindwa, aghalabu wasikilizaji huchukulia kuwa kinyang'anyiro kimefika tamati. Ilhali kauli hiyo haina nguvu ya kisheria; mshindi hutangazwa na mamlaka husika, wala si na mshindwa. Kwa wafuasi wa J. L. Austin, mwasisi wa nadharia ya vitendo uneni, huu ni mfano mwafaka: usemi unaotenda kwa kuwa wanaousikia wameuridhia.

Je, usemi kama huo waweza kutanguliwa? Alfajiri ya Novemba 8, 2000, baada ya vituo vya televisheni vya Marekani kutangaza kwamba George W. Bush ametwaa jimbo la Florida, Al Gore alimpigia simu kumpongeza. Akiwa njiani kwenda kuhutubia wafuasi wake mjini Nashville, aliarifiwa kwamba pengo la kura limepungua mno, kiasi cha sheria ya Florida kudai hesabu irudiwe. Akapiga simu tena, akaghairi. Hatimaye Bush aliongoza huko kwa kura 537, na Gore akakubali upya Desemba 13, siku moja baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu.

Kisa cha Gambia ni kizito zaidi. Yahya Jammeh, aliyetwaa mamlaka kwa mapinduzi mwaka 1994, alimpongeza Adama Barrow kwa simu Desemba 2, 2016, na taifa likamtazama kwenye televisheni. Siku tatu baadaye tume ilisahihisha takwimu: Barrow bado aliongoza, kwa takriban kura 19,000. Desemba 9, Jammeh akayakataa matokeo yote.

Hapa msamiati wa Kiswahili unafaa kupambanuliwa. Gore alighairi: aliondoa ridhaa iliyojengwa juu ya habari isiyo sahihi. Jammeh alikana, yaani alikanusha jambo alilokwisha kulikiri hadharani, ingawa marekebisho yenyewe (na hili ndilo la kushangaza) hayakumgeuza kuwa mshindi. Kumweleza kwa kitenzi "kughairi" ni kumstahi kupita kiasi.

Isitoshe, kukana kwake hakukuifuta simu ya kwanza. Barrow alikuwa tayari akiitwa rais mteule ndani na nje ya nchi. Aliapishwa katika ubalozi wa Gambia jijini Dakar Januari 19, 2017. Siku mbili baadaye, majeshi ya ECOWAS yakiwa yameingia nchini, Jammeh akaondoka kwenda uhamishoni.